Damu ya Riziki kwa Jina Langu

Katwe, Kampala
Ijumaa

Mama yangu,

Bwana asifiwe sana. Kabla hujaniuliza: ndiyo, nakula, ndiyo, wajukuu zako wanakwenda shule, na hapana, sijakonda, ile picha ndiyo iliyonipunja. Je, wewe? Goti linaamkaje asubuhi? Bati la jikoni limeshapigiliwa, au Baba mdogo bado anatafuta misumari tangu Pasaka? Na mama wa kwaya, wamekubaliana rangi ya sare au bado wanagombana na Mungu anawatazama?

Sasa Mama, ingia chumbani kwako, funga mlango, ukae kitandani. Barua hii nampa Mama Feza anayewaletea vitenge, na nitamwapisha aikabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Najua utasema siku hizi nani anaandika barua. Lakini simu yenu tangu itumbukie kwenye ndoo sikio lake limekufa, inasikika kwa spika tu. Nikisema "Mama" wanaitika watu saba. Ujumbe nao anausoma kwanza Baba mdogo kwa sababu simu ni yake. Ndiyo maana nimenunua daftari kama mtoto wa darasa la tatu.

Jambo lenyewe ni Riziki. Huyo mdogo wangu anayekuja kujifungulia kwako ana ugonjwa kwenye damu, homa ya ini, ile wanayoiita aina ya B. Haumwi popote. Anacheka, anakula kuliko mimi, na yeye mwenyewe hajui. Mimi nimejua siku tatu baada ya basi lake kuondoka. Na mtoto atakayezaliwa anaweza kuupokea ugonjwa huo kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, asipochomwa sindano yake siku ileile ya kwanza. Wameniambia ukimshika mtu mzima, mara nyingi mwili hupigana nao ukaondoka, lakini ukimshika mtoto mchanga huwa unakaa naye maisha yote, ukilila ini taratibu. Basi, nimesema. Sasa nikueleze ilikuwaje, maana kosa ni langu na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Unajua Riziki alifika hapa na mimba changa, na Fazili mume wake akaendelea hadi Juba kutafuta kazi. Kila alipokwenda kuandikishwa kama mkimbizi aliambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, tumbo likatokeza, na hana kadi. Mimi kadi ninayo. Mama, wewe ulituzaa na paji la uso moja, na picha ya kadi yangu ni nyeusi hata mimi sijitambui. Nikamwambia, "Chukua, nenda kliniki, wewe ndiye Sifa." Kwetu kuna mtu asiyewahi kutembea na karatasi ya ndugu yake? Kaka Byamungu si alifanya mtihani wa serikali na cheti cha ubatizo cha marehemu binamu?

Tukafanya mazoezi hapa jikoni, mimi nikiwa nesi na mwiko mkononi. "Jina?" "Sifa." "Umezaliwa lini?" Akataja. "Una watoto wangapi?" "Wawili, na huyu wa tatu." "Mume?" "Alikufa." Hapo akaanza kucheka, akasema, "Dada, umeniua Fazili!" Tulicheka mpaka tukakaa chini, watoto wakaja kutuangalia.

Alipofika kliniki walimtoboa kidole kama wanavyowatoboa wajawazito wote, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo kidogo, na mstari ukatokea. Mstari maana yake ugonjwa upo. Lakini nesi akafungua faili, na faili ni langu, Mama. Ndani imeandikwa kwamba Sifa alishapimwa miaka iliyopita, hakuwa na kitu, akachanjwa sindano zote tatu akamaliza. Nesi akashangaa. Akamwambia Riziki, "Usiogope, wewe umechanjwa, labda kipimo hiki ni kibovu. Tunachukua damu ya mkononi tuipeleke kwenye mashine ihakikishe." Riziki akarudi nyumbani akiwa na pamba mkononi, akaniambia, "Dada, sindano zako zimenisaidia hata mimi." Nami nikamjibu ashukuru kuwa na dada mkubwa.

Hiyo mashine, Mama, ni mpya pale kliniki. Zamani ukionekana mstari uliambiwa pole, nenda. Kujua virusi ni vingi kiasi gani, damu ilibidi isafiri kwenye barafu hadi maabara kubwa, na majibu yakirudi mwenyewe ameshahama. Sasa mashine inahesabu palepale. Anayeitumia ni dada mmoja anaitwa Akello, mtoto wa polisi kutoka kaskazini, amekulia kambi ya polisi wanakosema Kiswahili, ndiyo maana Kiswahili anakisema bila woga ingawa anakivunja kidogo. Anaipangusa mashine yake kila asubuhi kama bibi harusi aliyenunuliwa kabati.

Mashine ikahesabu, ikakuta virusi vingi sana. Pale maabara ya kliniki wakasema haiwezekani, mtu aliyechanjwa hawi hivi, bila shaka chupa za damu zimebadilishana. Wakapiga simu. Namba iliyo kwenye faili ni yangu. Sauti ikaniambia, "Sifa, njoo tuchukue damu tena, kulikuwa na makosa ya chupa."

Mama, sikia nilichofanya. Riziki miguu ilikuwa imevimba, jua lilikuwa kali, na safari ya kuja kwako ilikuwa imebaki siku chache. Nikajisemea, kumsumbua wa nini, wameshasema wenyewe ni makosa ya chupa, na jina si ni langu? Nikajifunga kitenge nikaenda mimi. Kwenye dirisha la maabara hawaangalii tumbo, wanaangalia mshipa. Nikatoa mkono. Wakachukua damu yangu. Siku iliyofuata wakanipigia: "Uko salama, ile ya kwanza haikuwa yako." Nikamwambia Riziki, "Umesikia? Uko salama." Akapiga makofi. Jumatatu nikampandisha basi la Bujumbura, avukie huko aje Kongo kwenu, na mkate, na maji, na ule mto wangu wa kuegemea.

Jana Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, niko na sufuria zangu. Wewe unajua nawapikia mafundi wa chuma hapa Katwe, bugali na majani ya sombe, siku nyingine samaki ndagala. Nyundo zinagonga, watu wanapiga kelele "Mama Kongo, sahani yangu!" Namwona Akello anaruka mitaro na viatu vyake vyeupe. Nikadhani amekuja kula. Nikamkaribisha benchi. Akakaa lakini akasukuma sahani.

Akasema, "Mama Sifa, mimi natafuta mtu. Ile damu ya kwanza, yenye ilikuwa na jina yako. Nimeita wamama wote wa ile siku, mmoja mmoja. Wengine nimefuata mpaka nyumbani. Nimepima wote tena. Hakuna mwenye hii damu. Sasa ilitoka wapi? Ilishuka na mvua?"

Nikaendelea kukoroga sufuria.

"Kuna mama huko nje ana mimba," akasema, "virusi iko mingi, na hajui. Mimi silali. Kila mtu ananiambia Akello, wacha, ni chupa tu. Lakini chupa haina mimba. Umebaki wewe peke yako sijauliza."

Ee Mama, nikauacha mwiko. Nikasema, "Ni damu ya mdogo wangu." Nikamwambia yote, ya kadi, ya mwiko, ya mkono wangu dirishani. Mafundi wanaita, wanagonga sahani, sikuwaona. Akaniuliza, "Iko wapi huyo mdogo?" Nikamwambia ameondoka Jumatatu.

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Akauliza tu kwa nini tulifanya vile. Nikasema hakuwa na kadi.

Akafumba macho. "Mama Sifa, kadi ni ya kufungua faili. Mtu hana kadi, tunaandika jina yake kwa kitabu, tunapima. Mwenye mimba hatufukuzi. Nani aliwaambia tunafukuza?"

Hakuna aliyetuambia, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Hatukuuliza hata mara moja. Tumezoea milango ya kufungwa mpaka tukifika kwenye uliofunguliwa tunapita dirishani. Riziki angesema tu "mimi ni Riziki, sina kadi", yule nesi angeuamini mstari. Vidonge wanavyowapa wajawazito miezi ya mwisho ili virusi vipungue vilikuwa kabatini palepale, na sindano ya mtoto iko kwenye friji yao. Angejifungulia hapa na ingekuwa imekwisha.

Nilianza kukupigia simu jana hiyohiyo. Namba ya Riziki ya Uganda imekufa alipovuka mpaka. Yako akapokea Baba mdogo, na nyuma yake nasikia kwaya yote inacheka. Akaniambia Riziki hajafika, yuko Bujumbura kwa wifi yake anapumzisha miguu. Nikasema, "Baba mdogo, akifika tu apelekwe hospitali kubwa ya mjini, ajifungulie huko." Akacheka. "Kwani ana nini? Zahanati si iko hapa? Huko Kampala mmekuwa wazungu." Watu wote wakacheka naye. Na mimi nikacheka, Mama. Nikauliza habari za kuku.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilipaswa kusema "ana ugonjwa wa ini, msikie wote". Lakini unajua ingekuwaje. Baba alipovimba tumbo na macho yakawa ya njano, nani alisema ini? Walisema sumu. Walimsema Mama Nyassa jirani, mjane wa watu, mpaka akahama na vyungu vyake, na Baba akafa vilevile. Sasa Akello ananiambia ugonjwa huu ukikaa miaka mingi bila kupimwa humalizia hivyohivyo, tumbo na macho. Sijui kama Baba alikuwa nao. Hakuna atakayejua tena. Lakini nilipoisikia kwaya kwenye ile simu nikamwona Riziki anarudi nyumbani, watu wanaogopa kula naye, na jirani mwingine anafungasha vyungu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha uchi wa mtu anayezaa.

Utaniuliza kwa nini sikupanda basi nikamfuata. Nikivuka mpaka kurudi kwetu, kadi yangu ya ukimbizi inakufa, na watoto wako hapa shuleni na sina wa kumwachia. Nimelifikiria hilo usiku na mchana na kila nikilifikiria nafika palepale.

Sasa, Mama, haya ameniambia Akello, na karatasi yake nimeikunja ndani ya barua hii. Aliandika Kiingereza, nikamwomba mwalimu mmoja Mkongomani akaigeuza Kifaransa ili huko waielewe. Mpe kaka Byamungu aisome, yeye ana kifua cha kutunza siri na waganga wa hospitali watamsikiliza kwa kuwa ni mwalimu. Juu Akello ameandika jina la Riziki kwa herufi kubwa, lake mwenyewe.

Nenda hospitali ya mjini leo hii, usingoje uchungu, uulize kama wanayo sindano ya homa ya ini ya mtoto mchanga. Si kila mahali wanayo. Wakiwa nayo, Riziki ajifungulie hapohapo. Wasipokuwa nayo, sijui, Mama. Hilo hata karatasi ya Akello haisemi. Riziki apimwe tena aanze kuangaliwa. Amnyonyeshe mtoto, maziwa hayana ubaya, msimnyime kwa ajili ya maneno ya watu. Kula naye, lala naye, mbebe mtoto, hauambukizwi kwa sahani wala kwa kukumbatia. Wembe na mswaki tu kila mtu awe na wake. Fazili nitamtafuta mimi, apimwe huko aliko. Na wewe pia upimwe, Mama, na kaka Byamungu. Nakuomba kama unavyotuombaga kwenda kanisani.

Kesho Mama Feza anaondoka. Nitampelekea mapema.

Jumatano

Mama, bado niko na barua hii. Mizigo ya Mama Feza ilizuiliwa, hakuondoka Jumamosi wala Jumapili wala Jumatatu wala jana. Nimekwenda kwake kila siku mpaka mume wake ameanza kunikimbia. Simu yenu tangu Jumamosi haipatikani, wanasema mnara wa kwenu umezimika. Nilimtafuta dereva wa basi lile, akaniambia anawakumbuka abiria wote ila hajui waliposhukia. Nilikwenda kwa Akello, akanitafutia namba ya mtu aliyesoma naye anayefanya kazi Bujumbura, haikuita.

Na leo, saa nne, nakatakata sombe, ukanipigia wewe mwenyewe.

Nilikusikia unapiga vigelegele kabla hujasema neno. Halafu kwaya. Halafu Baba mdogo anasema, "Zungumza karibu na simu, yuko mbali!" Mtoto wa kike, ukasema. Jumapili alfajiri, nyumbani, haraka hata zahanati hamkufika. Mzito, mwekundu, ana nywele za Baba.

Nikahesabu kwa vidole, Mama. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Nikauliza, "Amechomwa sindano?" Ukasema sindano ni wiki ya sita, nimesahau nilivyowazaa wangu? Nikasema nipe Riziki, atoke nje na simu kidogo. Ukaniuliza nina wazimu, mzazi wa siku nne atoke nje apigwe na upepo? Nikasema basi wengine watoke. Mkacheka wote. Ukasema, "Ana wivu, anamtaka mdogo wake peke yake!"

Halafu ukaniambia jina. Ukasema mmekaa, mmeona mimi ndiye niliyemlea Riziki mgongoni, na Kampala nikamlisha na kumvika miezi yote ile. Na Riziki akadakia kutoka kitandani, namsikia kabisa, sauti imechoka lakini ana furaha: "Dada, huko nilizoea kuitika Sifa. Nimemwachia mtoto jina hilo!"

Na mimi nikapiga vigelegele. Watu walikuwa wanangoja nipige, nikapiga. Mafundi wa Katwe wakaacha nyundo wakanipigia makofi, wakaniita Mama Mtoto. Kisha vocha yako ikaisha, na kila nikikupigia tena haipatikani.

Mchana nimekwenda kwa Akello. Hajalaumu mtu. Amesema mtoto mpelekeni hata sasa, siku ya nne si siku ya kwanza lakini ni bora kuliko wiki ya sita. Amesema akitimiza mwaka apimwe damu, ndipo tutajua. Nikamuuliza kwa sasa mimi nifanye nini. Akafungua daftari lake, akafuta alama ya kuuliza iliyokuwa pembeni ya namba ya ile chupa, akaandika Riziki. Akasema hicho ndicho alichoweza.

Mama Feza anaondoka kesho alfajiri, safari hii kweli, nimeuona mzigo garini. Akikufikia, mtoto atakuwa na wiki moja, labda mbili. Usilie mbele ya Riziki kabla hujamwambia. Mwambie polepole, mwambie ni mimi, na akinikasirikia mwache anikasirikie.

Nisalimie kaka Byamungu, mwambie namtegemea. Nisalimie shangazi anayemkanda mzazi kwa maji moto, na Baba mdogo mwenye simu, na mama wote wa kwaya walionipigia vigelegele bila kujua. Na ukimwona yeyote anayejua Mama Nyassa alihamia wapi, mwambie amfikishie pole kutoka kwangu.

Mbusu mtoto. Jina lake msimfiche mtu yeyote.

Mwanao,
Sifa, yule mkubwa